Sipandi Gari la Mtu

Katika kisiwa chetu cha Uskoti, dereva hampiti mtu anayetembea bila kusimama na kumwambia apande. Haijalishi kama mvua inanyesha au jua limetoka, wala kama wawili hao wamenuniana tangu mwaka jana. Anayekataa kupanda huwa amemtukana dereva pamoja na mama aliyemzaa. Binti yangu Ishbel aliijua desturi hiyo vizuri sana alipoweka sharti lake.

"Mama, tuelewane," aliniambia jikoni, tiketi mbili za meli zikiwa mezani. "Ukitembea peke yako kutoka mnara wa taa wa kusini mpaka kanisani kwetu, mimi nafunga mdomo. Utakaa hapa mpaka Mungu akuite. Lakini ukipanda gari la mtu, hata hatua mbili, Jumatatu tunaondoka wote. Chumba chako Glasgow nishakipaka rangi."

"Rangi gani?"

"Ya maziwa."

"Kitafutie ndama."

Nilikuwa na umri wa miaka sabini na minne. Majira ya baridi yaliyotangulia nilianguka nikianika nguo, nikavunjika nyonga, nikawekewa nyingine ya chuma. Nimewafundisha watoto wa kisiwa hiki kwa miaka thelathini na minane, Ishbel akiwa mmoja wao, lakini tangu siku ile alizungumza nami kama mtu anayembembeleza mgonjwa anywe uji.

Jirani yangu Kenina alipopata habari, aliegemea ukuta wa mawe akacheka mpaka akakohoa.

"Likizo ya kutembea! Wewe Dolina? Hayo mambo ya Wajerumani! Miaka yote ya kukimbizana na kondoo haijakutosha?"

"Kondoo ndio waliokuwa wakinichagulia njia. Safari hii nachagua mwenyewe."

"Haya, chagua. Supu nitakuletea hospitali."

Nilikusudia kutembea siku tatu, maili thelathini na moja, kuanzia Alhamisi. Alhamisi ikaja na dhoruba iliyong'oa mlango wa banda la kuku. Ishbel alihesabu kwa vidole, akatabasamu.

"Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Pole, mama. Jumapili hutembei wewe."

Alikuwa amenigusa pabaya. Kwetu hakuna atembeaye kwa starehe siku ya Bwana. Hata shati haliachwi kwenye kamba.

"Jumapili sitatembea kwa starehe," nilimjibu. "Nitakwenda kanisani."

"Maili tisa?"

"Bibi yako alikuwa akitembea kumi na mbili, tena na mtoto mgongoni. Washa gari, unipeleke kwenye mnara."

Siku ya Ijumaa hata saa moja haikupita kabla gari jekundu la posta halijasimama kando yangu. Calum, ambaye darasani hakuwahi kukaa kimya, alifungua mlango kabla sijageuka.

"Panda, Mwalimu."

"Ahsante, Calum. Sipandi gari la mtu."

Uso wake ulibadilika. "Nimekukosea nini? Ile barua iliyolowa? Sikuidondosha makusudi, Mwalimu, ilikuwa upepo!"

"Hujanikosea. Natembea."

"Basi nipe huo mkoba."

Mabega yalikuwa yameanza kuuma, na sharti la Ishbel halikutaja mkoba. Nilifikiri kwa muda unaotosha kusema sala fupi.

"Hapana, mwanangu. Mzigo wangu unatembea nami."

Alikwenda zake polepole, akinitazama kwenye kioo. Kufikia jioni, nilipofika kwenye nyumba ya kulala wapandaji milima, kisiwa kizima kilikuwa kimeshaambiwa kwamba Mwalimu Dolina amegombana na posta. Nilikula mkate wa shayiri na jibini, nikamsahihishia msichana mmoja Mjerumani namna anavyofunga kamba za viatu, nikalala.

Jumamosi haikuwa na magari, kwa kuwa haikuwa na barabara. Nilivuka mlima kwa njia ya majeneza, ambayo wazee wetu waliitumia kuwabeba wafu kutoka pwani ya mawe hadi pwani yenye udongo wa kuchimbika. Kila walipolitua jeneza wapumzike, walirundika mawe, na mpaka leo apitaye huongeza lake. Niliongeza langu kwenye kila rundo.

Baada ya rundo la nne ukungu uliteremka, na mguu wangu wa kushoto ukazama kwenye tope mpaka gotini. Nilivuta, ukazama zaidi. Ikanibidi nilale kifudifudi juu ya nyasi, nikashika fimbo yangu kwa mikono miwili, nikajiburuta kidogo kidogo kama nyoka mzee, mpaka tope lilipouachia mguu. Kiatu kilitoka nao. Nyonga ilikuwa ikinichoma kama kaa la moto. Nikaketi juu ya mawe waliyoyarundika waliombeba bibi yangu, na kwa mara ya kwanza nikaiwaza ile rangi ya maziwa kwa upole.

Kisha nikakumbuka kwamba kila aliyepumzika pale akiwa amebebwa alikuwa amekufa. Nikasimama.

Jumapili niliondoka saa kumi na mbili asubuhi, sketi yangu ya kanisani ikiwa juu ya viatu vyenye tope. Ibada kwetu huanza saa sita. Zilipobaki maili mbili, nilisikia gari nyuma yangu, nikajua kwa mngurumo wake kwamba ni la Mchungaji Torquil.

"Ingia, Mwalimu. Kuna nafasi."

"Mchungaji, leo sipandi hata gari la moto la Eliya."

Aliitazama fimbo yangu. "Ishbel?"

"Ishbel."

"Basi siwezi kukupita," alisema. "Nikifika kabla yako, watu watasema nimemwacha mjane njiani siku ya Bwana." Akanifuata, polepole kama miguu yangu.

Nyuma yake likaja gari la Calum, kisha la Kenina, kisha mengine. Barabara yetu ni ya gari moja, na hakuna aliyethubutu kumpita Mchungaji. Kenina alitoa kichwa dirishani.

"Dolina! Kaza mwendo, mwenzio nimebana mkojo!"

"Kenina, leo ni Jumapili!"

"Na kibofu hakijui!"

Nilipokunja kona ya mwisho, magari yalikuwa kumi na saba. Ishbel alikuwa kwenye lango la kanisa. Kwetu magari hutambaa hivyo nyuma ya jeneza tu, na wanaume waliosimama ukutani walikuwa wameanza kuvua kofia. Nilimwona binti yangu akishika mdomo, kisha akakimbia kuteremka kilima, viatu vyake vya visigino vikibaki njiani. Alisimama aliponiona mbele ya msafara, nikitembea, fimbo mkononi.

"Mama! Nilidhani... yale magari..."

"Umedhani mapema. Vaa viatu, Mchungaji anachelewa."

Sikusimama mpaka nilipouweka mkono wangu juu ya lango.

Katika kanisa letu zaburi huimbwa kwa kuketi na sala huombwa kwa kusimama. Siku hiyo Mchungaji aliomba kwa dakika ishirini na mbili. Nilihisi macho ya waumini wote kwenye nyonga yangu. Nilisimama dakika zote, bila fimbo. Aliposema amina, Ishbel aliuinamia mkono wangu akaubusu.

Jumatatu alipanda meli peke yake.

"Na kile chumba?" nilimuuliza gatini.

"Nitaweka baiskeli." Alikuwa akilia na kucheka. "Mwakani nakuja tutembee wote, mama. Utanisubiri?"

"Ukijifunza kuvaa viatu."

Meli ilipokwisha kutoka, gari la Kenina lilisimama kando yangu. Alifungua mlango, akiwa tayari kutukanwa.

Nilipanda. Miguu ilikuwa ikiniuma vibaya sana.