Nesi Hakuwa Mjinga

Mwaka ule wa sabini na sita nilikuwa nimesoma riwaya tatu za mapenzi mfululizo, na zote tatu zilikuwa zimenikasirisha. Nasema hivi mapema ili mtu asidhani sikupenda kusoma. Nilipenda kusoma kuliko kula. Ndiyo maana nilikasirika, kwani nani anakasirikia mboga asizokula?

Mimi ni Winifrida, fundi cherehani. Kiti changu kilikuwa barazani kwa Mama Mwamvua, Kasulu mjini, karibu na stendi. Mama Mwamvua alikuwa mtu wa Ujiji, mwenye duka la vitenge, chumvi na mafuta ya taa. Kwenye rafu ya juu, nyuma ya miche ya sabuni, aliweka vitabu vya hadithi ambavyo ndugu yake alimletea kutoka Kigoma. Alivikodisha. Mimi alinipa nisome bure, kwa sharti nisivipake mafuta ya cherehani.

Kwa kuwa nilivisoma wa kwanza, wateja walizoea kuniuliza. Mwanamke akija kupunguziwa gauni, anaielekezea kidevu ile rafu: "Fundi, kile kipya vipi?" Nami nilisema. Sikuwahi kuumauma maneno.

Cha kwanza kilikuwa cha binti wa tajiri wa mabasi na dereva. "Kijana anaimba chini ya dirisha usiku kucha," niliwaambia, "na hakuna mbwa hata mmoja anayebweka. Nyumba ya tajiri isiyo na mbwa! Mwandishi huyu hajawahi kuchumbia. Tena kitabu kizima hakuna anayekula. Wanapendana tu, njaa haiwaumi."

Cha pili kilikuwa cha msichana wa chuo na mwalimu wake. "Anazimia akiambiwa anapendwa, anazimia akiachwa, anazimia akirudiwa. Mimi nimezaliwa Kasulu, sijaona aliyezimia kwa kupendwa. Hapa ukizimia una malaria."

Cha tatu ndicho kilichoniuma hasa. Nesi wa hospitali ndogo ya bara anapendana na daktari. Daktari anahamishiwa pwani, anaahidi kurudi, kisha kimya. Nesi anakaa miaka na miaka. Anamkataa karani mmoja mwema anayemtaka. Mwishowe daktari anarudi na mvi kichwani, na nesi anampokea. Wanawake wa mjini walikililia kitabu hicho hadi kurasa zikajikunja. Mimi nilipokimaliza nilikibwaga juu ya meza ya cherehani.

"Mjinga!" nilisema. "Nesi mjinga. Ujana wake wote ameuweka akiba kwa mtu asiyetuma hata salamu."

"Wewe mwana wewe, utanifungia duka," Mama Mwamvua alilalamika. "Hakuna kitabu usichokitia kasoro. Hata mume ukimpata utamrudisha kwa sababu hana mbwa."

Wateja walicheka, nami nikacheka nao, lakini neno lile lilinichoma. Mume alikuwa njiani. Baba yangu, mzee Stanislaus, alikuwa amepokea ujumbe kutoka Nyakitonto kwamba kuna mkulima wa kahawa, Tharsisi, anayetaka kunioa. Jumapili watu wake wangekuja na pombe.

Kwetu pombe ya posa haiguswi mpaka binti aulizwe mbele ya wote: "Tunywe?" Akisema *ego*, ndiyo, basi yeye ni mke wa mtu. Akisema *oya*, mitungi inarudi ilikotoka, na aibu inakwenda nayo. Jibu langu lilikuwa tayari, nalo lilikuwa *oya*. Tharsisi nilikuwa nimemwona dukani. Husema "Mwakeye", salamu tu, ananunua chumvi yake, anaingia nyuma kwa Mama Mwamvua kidogo, anaondoka. Nikakae maisha yangu yote na mtu nisiyejua anafikiri nini, tukitazamana juu ya sahani? Afadhali cherehani, angalau inapiga kelele.

Jumapili baada ya misa wakafika, na mitungi miwili ya rubisi, pombe ya ndizi. Mshenga wao alikuwa mzee Pasikali, mtu aliyeozesha nusu ya Nyakitonto. Muoaji mwenyewe kwetu hasemi. Mshenga ndiye mdomo wake, na muoaji hukaa karibu na mlango, macho chini, kama mgeni wa kesi yake mwenyewe. Tharsisi alikaa hivyohivyo. Shangazi yangu Immakulata alikaa ubavuni kwangu, mkono wake juu ya goti langu, tayari kunifinya.

Mzee Pasikali alisifu shamba. Akasifu mibuni, akasifu mbuzi, akasifu paa jipya la bati. "Na zaidi ya yote," alimalizia, "kijana wangu ni mtulivu. Hana maneno."

Baba akanigeukia. "Winifrida, pombe ya watu hii hapa. Tunywe?"

"Baba, naomba kuuliza kwanza," nikasema. "Mwanamume asiye na maneno, mimi nitaongea naye nini?"

Shangazi akanifinya. Mzee Pasikali akajiweka sawa ili anijibu, maana ndiyo kazi iliyomleta. Lakini sauti ilitoka mlangoni.

"Maneno ninayo," alisema Tharsisi, macho bado chini. "Ila ni ya kukupinga. Nesi hakuwa mjinga."

Muoaji alikuwa amesema, na alilosema halikuhusu shamba wala mbuzi.

"Nesi gani?" baba aliuliza polepole.

"Yule aliyemkataa karani," Tharsisi alijibu, na sasa alikuwa ananitazama mimi.

"Na karani tena!" Baba alisimama. "Kuna mwanamke wa hospitali, ana karani wake, na wewe umo katikati, halafu unakuja kwangu na mitungi?"

"Na daktari," nikaongeza, kwa kuwa ulimi wangu haujui wakati. "Karani alikataliwa kwa sababu ya daktari."

"Daktari wa ukoo gani?" shangazi alidakia. "Ni wa huku kwetu Heru Juu? Alishatoa mahari?"

Mzee Pasikali alikuwa amegeuka rangi. Alikuwa ametuapia kwamba kijana wake hana mwanamke mahali popote. "Mimi habari za nesi sikuambiwa," alisema, akisimama. "Stanislaus, niwie radhi. Vijana, bebeni mitungi."

Hapo nilikuwa nimepata nilichokitaka, tena bila kukisema mwenyewe. Ilinipasa ninyamaze tu. Lakini nilipoona mtungi wa kwanza unanyanyuliwa, niliogopa. Nasema wazi, niliogopa kweli. Mtu yule angetoka mlangoni kabla sijasikia kwa nini nesi hakuwa mjinga.

"Tueni mtungi!" nikapaza sauti. "Ni watu wa kitabu! Nesi, daktari, karani, wote ni wa kitabuni!"

Kulieleza jambo hilo hakukuwa rahisi. Baba alitaka kujua kama kitabu hicho ni cha kanisa. Mzee Pasikali alirudi kukaa, lakini mkono wake ulibaki juu ya mtungi. Walipotulia nikamgeukia Tharsisi. Mila ilikuwa imeshavunjika, nikaona hakuna haja ya kuokota vipande.

"Haya, sema."

"Kila kitabu unachomaliza wewe, Mama Mwamvua ananikodisha mimi," alisema. "Na maneno yako ananipa pamoja nacho. Habari ya mbwa ulisema kweli. Ya kuzimia ulisema kweli, nilicheka peke yangu shambani. Lakini hiki ulikisoma kwa hasira. Unasema nesi alikuwa anasubiri. Mtu anayesubiri basi hafugi kuku stendi. Yule alifuga kuku. Alijenga banda. Alipanda mparachichi nyuma ya nyumba, mti usiozaa leo wala kesho. Alikuwa anaishi. Na karani alimkataa kwa sababu hakumtaka, basi."

Kuku! Nikawakumbuka. Walikuwamo, katikati ya kitabu, nami nilikuwa nimewaruka nikimtafuta daktari. Masikio yakaniwaka moto. Miaka yote ile barazani watu waliniuliza, wakacheka, wakaenda zao. Hakuna aliyewahi kurudi kuniambia hapana.

"Sawa, kuku nakuachia," nikasema. "Lakini kama alikuwa anaishi vizuri, kwa nini mwishoni alimpokea yule mzembe?"

"Hapo pagumu," alikiri Tharsisi. "Nadhani alimpenda."

"Alimhurumia."

"Alimpenda."

"Baada ya kimya chote kile?"

"Hata baada ya kimya," alisema.

Nilimtazama mtu yule wa chumvi na "Mwakeye", nikaona kwamba maneno yalikuwa yamejaa ndani yake siku zote, na kwamba mengi alikuwa akinijibu mimi huko shambani bila mimi kuyasikia. Nilifurahi hadi nikaona aibu.

Shangazi Immakulata aliondoa mkono gotini kwangu. "Hawa watu mnaowagombania," aliniuliza, "hawapo?"

"Hawapo, shangazi."

"Hawajawahi kuwapo?"

"Hawajawahi."

Akamgeukia baba. "Kaka, mimi na marehemu mume wangu tuligombania chumvi na kuni mpaka siku anakufa. Hatukuwahi kupata kitu kingine cha kugombania. Muulize mtoto tena."

Baba alikaa. Akanitazama, kisha akamtazama kijana aliye mlangoni, ambaye macho yake hayakuwa chini tena.

"Winifrida, tunywe au tusinywe?"

"Kunyweni," nikasema. "Huyu mtu amekosea mwisho wa kitabu, na itanichukua miaka kumwelewesha."

"Hutaweza," alisema Tharsisi, na mzee Pasikali akaharakisha kutumbukiza mrija mtungini kabla hatujaanza upya.