Glasi ya Nne Inanuka Mahindi

...mahindi, mahindi ya kuchemsha, hapana, labda ni pua yake mwenyewe imechoka, labda kuna mtu amepita nyuma na chakula, maana ukumbi huu una mlango wa jikoni pale kwenye kona na mlango wenyewe haufungi sawasawa, anaisogeza glasi pembeni, anavuta hewa tupu ya ukumbi, sabuni ya sakafu, mkate mkavu kwenye sahani, jasho la watu waliokatazwa kujipaka manukato tangu asubuhi, hakuna mahindi, anairudisha glasi puani na mahindi yapo, yamekaa humo kama mgeni aliyekwisha kula na bado haagi, na chini ya mahindi kuna kitu kingine, mungu wangu, chini ya mahindi kuna ukoko wa mkate, ule ukoko wa pembeni ulioungua kidogo, na hapo mkono unakuwa mzito, kwa sababu mahindi ni kosa la mpikaji yeyote, wapika bia wadogo wote wamewahi kulifanya, lakini ukoko ule haupatikani kwa kimea cha kununua, ule unatoka kwa mtu anayekaanga kimea chake mwenyewe juu ya bati, konzi moja tu, anakigeuza kwa mwiko mpaka kingo zinakuwa nyeusi, na mtu aliyekuwa akifanya hivyo amekufa, na aliyebaki akifanya hivyo ni mmoja tu... "Dada Pua, umesinzia?" anauliza mfamasia, yule mrefu anayeuza dawa wiki nzima na kuonja bia siku za mashindano, na mpishi wa hoteli aliyekaa upande wa pili, mtu wa kitambi na kicheko, anamjibu badala yake, "Mwache bwana, pua ile ikiingia kazini haiulizwi, sasa hivi itakwambia hata aliyepika alivaa viatu gani," wanacheka, naye anacheka pia, anajisikia akicheka, kicheko kimetoka chenyewe kama chenji, na mama kiongozi wa meza, mwenye miwani ya kuning'iniza kwa kamba, anainua kidole, "Hakuna kutaja alama mpaka wote mmeze," ndiyo, kumeza, hiyo ndiyo shida ya bia, divai unaizungusha mdomoni na kuitema kwenye ndoo kistaarabu, bia haitemwi, uchungu wa hopsi, yale maua ya kutilia bia, unakaa nyuma kooni na usipomeza hujaonja, na yeye bado hajameza, ameinusa tu, mtu akinusa anaweza kusema sikujua, mtu akimeza ameshahukumu.

Mkia, mdogo wake. Alimwita hivyo baba, kwa sababu tangu alipojua kutembea alimfuata baba kila mahali, jikoni, dukani, hata chooni angemfuata kama mlango usingefungwa, na jina likaganda, sasa ni mwanamume mzima mwenye ndevu na bado ni Mkia, na Mkia alipiga simu siku moja akasema, "Dada, mwaka huu napeleka," "Unapeleka nini?" "Bia. Ile ya baba," "Ile ile?" "Ile ile, dada. Atakayeshinda atauza hotelini, unajua. Mimi hii ikianguka nauza sufuria, nimechoka," na yeye akamjibu nini, akamjibu kama mwalimu wa zamu, "Basi chemsha vizuri, Mkia, acha ubahili wa gesi," na sauti ndogo ikajibu, "Sawa, dada," na hii hapa sasa, sawa dada, iko mkononi mwake, rangi yake nzuri kama chai ya rangi iliyopoa, povu lake jeupe limeshika kingo za glasi, hakuna mtu kwenye ukumbi huu atakayeitazama na kujua ina nini ndani, na kanuni ya meza kila mwonjaji anaijua kama jina lake, ukiitambua bia ya nduguyo unafunika glasi kwa kiganja, unasema mbele za watu, unatoka, glasi inahamia meza ya pili, na meza ya pili kuna yule anayeitwa Wembe, ambaye mwaka jana alimwandikia mtu kwamba bia yake inafaa kuoshea baiskeli, Wembe ataisoma hii kwa pumzi moja na ataikata, na Mkia atapokea maneno ya Wembe jikoni peke yake, akiwa amesimama karibu na sufuria, na mama atauliza wamesema nini mwanangu... anyamaze basi, aipe alama nzuri, nani atajua, mpishi atajua, mpishi ameshaanza, "Jamani, mimi peke yangu ndiye ninayesikia mahindi hapa?" na mfamasia, "Mahindi? Hili ni shamba zima," "Nilidhani ni njaa yangu," "Njaa yako inanuka nyama, sio mahindi," "Huyu aliyepika alilala. Ameweka sufuria jikoni, kafunika, kaenda kulala," "Mvivu," anasema mfamasia, bila chuki, kama anavyosema mtu kwamba mvua inanyesha, mvivu, na neno linamwingia yeye tumboni kabla ya bia, kwa maana ni neno lake, ni yeye aliyelisema kwanza, amelisema miaka yote hii.

Amelisema kwa mama. Mama alisema kwenye simu, mara moja tu, katikati ya habari za jirani na za goti lake, alisema siku hizi ndugu yako anapika kwa moto wa mshumaa, bia inakaa jikoni kutwa, na ameifunika, na yeye akacheka, "Mvivu huyo, mama, gesi itaisha na bia haijachemka," na mama hakucheka, mama alirudi kwenye habari za goti, kwa nini mama hakucheka, mama ni mtu wa kucheka hata msibani... na baba alikuwa amewafundisha wote wawili, wakiwa wamesimama pande mbili za sufuria ile kubwa, kwamba kimea kikipikwa kinatoa harufu ya mahindi na hakuna ujanja, kila kimea kinatoa, dawa yake ni moto mkali na sufuria wazi, maji yatokote mpaka yapige kelele, harufu iondoke na mvuke, "Mvuke ndio ufagio," alisema baba, "ukiufungia ndani uchafu unabaki ndani," Mkia anajua hayo, anayajua kuliko yeye, yeye alikuwa anayasikia tu huku akiwaza mjini, Mkia aliyanywa, kwa hiyo si kwamba hajui, na si mvivu, mtu mvivu hakaangi kimea kwenye bati kwa saa nzima akikigeuza na mwiko, ukoko huu si wa mvivu, ukoko huu umesimamiwa, basi mtu gani anasimamia kimea namna hii halafu anaogopa... amesema nini, anaogopa, neno limekuja lenyewe, hakuliita.

"Tumezeni, wenzangu, inapata joto," anasema mama kiongozi, na mpishi anameza, mfamasia anameza, yeye anaweka glasi mdomoni na anaacha kidogo ipite, tamu kwanza, kisha ukoko, kisha mahindi yanapanda kutoka nyuma mpaka puani, na uchungu wa hopsi unakuja umechelewa na umenyong'onyea, kwa sababu hata hopsi inataka moto, moto mdogo hauitoi chochote, anameza, ameshameza, basi, na mpishi anafuta mdomo kwa mgongo wa mkono na kusema kwa huruma ya mtu aliyeshiba, "Bia ya watu si mbaya, jamani. Tumwandikie neno moja tu, aongeze moto," "Ongeza moto," anarudia mfamasia akiandika, "ndiyo dawa, hakuna nyingine," ongeza moto, ongeza moto, Mkia...

"Ongeza moto, Mkia!" hiyo ni sauti ya baba, hiyo si ya mtu mwingine duniani, baba amesimama mdomoni mwa sufuria na bakuli la hopsi, na Mkia amechuchumaa chini kwenye koki ya gesi, ndiyo ilikuwa kazi yake tangu utotoni mpaka akaota ndevu, baba juu na yeye chini, baba hakuwahi kugusa koki, alikuwa anapiga kelele tu na Mkia anazungusha, kila mpiko, bila kukosa, na kila mpika bia anajua ni wakati gani sufuria inakuwa mnyama, ni pale hopsi inapoingia na moto uko juu, povu linaamka ghafla kama maziwa, ila maziwa yanazima jiko tu, lile linamshukia mtu na kumwunguza, na siku ile yeye hakuwepo, alikuwa mjini na kazi yake na viatu vyake vya kisigino, alikuta baba ameshafungwa bendeji kuanzia kifuani, na aliuliza ilikuwaje, na mama akasema, "Ilimwagika. Basi," na Mkia alikuwa amekaa kwenye benchi la korido ya hospitali na mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya goti, unazunguka, unazunguka kuelekea kulia, unazunguka, na yeye alimwambia, anakumbuka sasa, alimwambia, "Tulia basi na mkono wako, unanitia wasiwasi," na Mkia akauweka mkono chini ya paja na kuukalia... alikuwa anafunga koki. Mungu wangu, alikuwa anaifunga koki. Siku ya kwanza hospitalini, siku ya pili, wakati baba anapumua na wakati ameacha kupumua, alikuwa amekaa pale anaifunga, na haifungiki, maana baba alisema ongeza na yeye aliongeza, kama alivyoambiwa, kama kila siku, na hakuna aliyemuuliza, si mama, si yeye dada mtu, walizika, wakala, wakaondoka, yeye aliondoka wa kwanza, alisema kazi, kazi hainisubiri.

"Sita kwa kumi," anasema mpishi, "kwa ajili ya rangi," "Nne," anasema mfamasia, "na hiyo moja ni ya ukoko, ukoko ule nimeupenda," "Dada Pua?" na yeye anasikia jina lake la meza kana kwamba anaitwa mtu mwingine, Pua, pua inayojua kila kitu, inajua maji ya kisima na ya bomba, inajua chupa iliyokaa juani, mpira mchafu wa kupitishia bia, hamira iliyozeeka, na imekaa miaka yote hii inasikia mahindi kwenye bia ya nyumbani kwao na haikuwahi kujua kwamba inanusa hofu, hii si bia mbovu, hii ni bia ya mtu anayewasha jiko lililomuua baba yake kwa mkono wake mwenyewe, anaizungusha koki nusu na mkono unagoma hapo, haupiti hapo, anafunika sufuria asiione ikiamka, na bado anapika, hilo ndilo, bado anapika, asubuhi anaingia mle jikoni na kuwasha, wakati yeye, dada mkubwa, mjuzi, tangu mazishi hajakanyaga jikoni mle hata kuchukua kikombe cha maji, akienda kwa mama anakaa sebuleni, anasema moshi unamwumiza macho, moshi gani, jiko ni la gesi, amekwenda kukaa kwenye kumbi zenye vitambaa vyeupe anaonja bia zilizopoa, zilizopikwa na watu wengine, mbali, ambako sufuria haionekani, halafu anamwita mwenzake mvivu... basi ajitoe, afunike glasi, aseme ni ya mdogo wangu, watu watasema mwanamke mwaminifu huyu, atatoka na heshima yake, na kutoka ndiyo kazi anayoiweza, ametoka mara ngapi, na kumpa tisa nako ni kutoka, ni kumwacha na moto wake wa mshumaa, hoteli itachukua pipa la kwanza na kulirudisha, na wote watamwandikia lile lile, wa meza hii na wa meza ya pili, kwa wino, kwa nia njema, ongeza moto, ongeza moto, hakuna hata mmoja wao anayejua wanamwambia nini, na hakuna namna nyingine ya kuisema, maana ndiyo kweli, bia ile inataka moto.

"Mwenzetu leo vipi?" mpishi ananong'ona, "imemkaa kooni?" na mfamasia, "Labda anamkumbuka mpenzi wake mkulima," na mama kiongozi, "Acheni utani, mwacheni mtu aonje," povu limeshuka, limebaki duara jembamba pembeni, vidole vyake vimelowa ubaridi wa glasi, hakuna kilichobadilika mezani, mkate, maji, kalamu, na alama yenyewe haimsumbui tena, anaijua, itakuwa ndogo, itakuwa ya haki, na ni ya dada mtu, hilo nalo atalisema hapo hapo, wamfute mezani kama wanataka, alama itamfikia Mkia na maneno yale chini yake, na Mkia atayasoma na kuuza sufuria, labda hata afadhali auze, apumzike, isipokuwa kama mtu atasimama upande wa juu na bakuli la hopsi, mahali pale pale aliposimama baba, uso juu ya mvuke, na kumwambia aliyechuchumaa chini, kwa sauti isiyotetemeka, azungushe, na sauti yake yeye itatetemeka, anaisikia hata sasa ikitetemeka kabla hajaitoa, mama ana goti bovu, baba yuko ardhini, katika nyumba ile amebaki mtu mmoja tu wa kusimama pale juu, na mtu huyo ameshika glasi, na mama kiongozi anavua miwani na kumtazama, na anasema, "Haya mwanangu, tunakusubiri wewe."