Kiti cha Pembeni

Darasa la ushauri nasaha lilikuwa na watu wa kila kabila na kila dini. Siku hiyo mwalimu aliwapanga wawili wawili: mmoja mfiwa, mwingine mshauri. Atakayeshindwa zoezi hataenda kufanya mazoezi ya vitendo katika wodi ya hospitali. Kimya, kama wenzake walivyombatiza, aliitaka wodi hiyo kufa na kupona. Ndimo alimofia mama yake, na siku hiyo hakutokea mtu wa kukaa na Kimya.

Alipangwa pamoja na Redio, mama wa watoto watatu, ambaye hata akipiga mswaki anaongea.

"Mimi ndiye mfiwa," Redio akasema. "Haya mdogo wangu, nifariji, na usinibanie."

Kimya akavuta kiti, akakiweka ubavuni mwa Redio, bega kwa bega, wote wakitazama ukutani. Hakusema neno. Ndivyo mama yake alivyokaa na waliofiwa, mpaka mfiwa mwenyewe afungue kinywa.

Redio akasubiri. Akakohoa. Alipogeuka, uso wake haukuwa na mzaha tena.

"Nimekukosea nini?"

"Kivipi, dada?"

"Kwetu mtu akikukalia kimya msibani, amekususa. Tulipomzika baba, watu walisimulia habari zake mpaka sauti zikawakauka. Wewe huniulizi hata alikuwa mtu wa namna gani!"

Kimya akaona aibu. "Kwetu kuuliza ni kutonesha kidonda."

"Makubwa!"

Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yao. "Hapo ndipo zoezi linapoanzia," akasema. "Badilishaneni."

Kimya akasema amefiwa na mama. Redio hakukirudisha kiti mahali pake. Alikisogeza karibu zaidi, kisha akanyamaza, akanyamaza kweli, hata wa viti vya mbele wakageuka kutazama muujiza huo. Baada ya kitambo akauliza taratibu:

"Mama alikuwa mtu wa namna gani?"

Kimya alikuwa ametunga hadithi ya kuigiza. Haikutoka.

"Alikuwa akiimba akifua," akasema. "Sauti mbaya, dada! Majirani walikuwa wanafunga madirisha."

Redio akacheka. "Enhe?"

"Siku hizi nikisikia maji yakimiminwa kwenye beseni, nasimama. Nangoja aanze."

Machozi yakamtoka, ya kwanza tangu mazishi. Bega la Redio halikuondoka.

Mwalimu akatangaza kwamba muda umekwisha, na kwamba wote wawili wataenda wodini. Kimya hakusikia. Alikuwa bado anamweleza Redio ni wimbo gani, na ni mahali gani mama alikuwa akisahau maneno.