Samadi ya Ng'ombe wa Klaudia

Wanaume wawili waliubeba mkungu wangu wa ndizi hadi mbele ya madhabahu, na mchungaji akasema, “Tazameni kazi ya mikono yenye bidii.” Ilikuwa Sikukuu ya Mavuno, mwaka 1989, kanisani kwetu Muleba. Kina mama wa kwaya waligeuka kunitazama. Nilijikaza nisitabasamu, lakini kichwa kilikuwa kimeshavimba.

Kisha nikamwona Kokushubila kwenye benchi la nyuma. Alikuwa amekuja likizo kutoka Bukoba, alikoishi na shangazi yake wa Rwamishenye, na alikuwa akiutazama ule mkungu bila kupepesa.

Miaka miwili kabla, mama yake, Klaudia, jirani yangu, alikuwa kitandani amebaki mifupa na macho. Mumewe alikuwa ametangulia kwa ugonjwa uleule, ambao siku zile wengi wetu tuliuita Juliana kwa kuogopa kutaja ukimwi. Alinishika mkono. “Adventina, nakuachia ng'ombe na kibanja hiki cha migomba. Umtunzie mtoto.” Nilimwahidi mbele za Mungu, huku nalia.

Na nilitunza, kwa macho ya watu. Ng'ombe nilimhamishia kwangu, maana huwezi kumwacha alale kwenye nyumba isiyo na mtu. Nilimkatia majani, nikamtoa kupe. Migomba ya Klaudia niliipalilia. Ila samadi ilikuwa zizini kwangu, na migomba yangu ilikuwa hatua kumi tu, wakati kwa Klaudia ni kupanda mwinuko na tenga kichwani. Isitoshe, kwetu anayemfugia mwenzake ng'ombe hunywa maziwa, na samadi ni yake. Desturi hiyo nilijifunika gubigubi nikalala usingizi mzuri kabisa.

Baada ya ibada, Kokushubila alipita kwangu.

“Shikamoo, Mae.” Kwetu Mae ni mama.

“Marahaba, mwanawange.”

“Migomba ya mama inaanguka kabla mikungu haijakomaa. Baba mdogo Bartholomayo anasema kibanja kimekufa na msichana hawezi kukifufua, bora akichukue yeye. Jumatano wazee wa ukoo wanakuja kuamua.”

Hakusema neno juu ya mkungu wangu. Laiti angenilaumu! Majibu nilikuwa nayo tele. Aliaga kwa adabu, akapanda mwinuko, nami nikabaki nimesimama kwenye migomba yangu minene, naona aibu mpaka masikio yanawaka.

Jumatano wazee walikaa uani kwa Klaudia. Bartholomayo alichoma fimbo chini ya mgomba, udongo ukatimka mweupe kama majivu.

“Mnaona wenyewe,” alisema. “Udongo umechoka.”

“Haujachoka,” nikasema. Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka. “Umenyimwa chakula. Niliyeunyima ni mimi. Samadi ya ng'ombe wa nyumba hii yote nimeimwaga kwangu. Ule mkungu mliousifu Jumapili ulikulia humo.”

Bartholomayo alinitazama kwa upole mwingi. “Mama Adventina, samadi ni haki ya anayefuga. Hakuna anayekudai.”

Alikuwa ananifungulia mlango nitoke, na yeye apite. Nakiri nilitamani kutoka. Kina mama wawili wa kwaya walikuwa wamesimama kwenye njia, wanasikia kila kitu.

“Ningepewa ng'ombe peke yake, sawa,” nikasema. “Nilipewa ng'ombe na kibanja. Mpeni mtoto mwaka mmoja, mje mkague tena.”

Wazee walinong'onezana, wakakubali. Kokushubila alikuwa ameinamisha uso, anachora ardhi kwa kidole cha mguu.

Mwaka ule nilipanda mwinuko kila asubuhi, tenga kichwani, shingo ikiniuma hadi kanisani. Sikukuu ya Mavuno nilipeleka maharage, na hakuna aliyegeuka. Ukoo uliporudi, migomba ya Klaudia ilikuwa imesimama imara. Bartholomayo alizunguka kibanja chote, akaomba maji ya kunywa, akaenda zake.

Sasa nimezeeka, sina ng'ombe. Kokushubila ni mwalimu, anaishi pale pale kwa mama yake, na anafuga wawili. Jumatano ile hatujawahi kuizungumza. Ila mvua za kwanza zikinyesha, nasikia nyayo nje, nachungulia, namwona ameinama kwenye migomba yangu, anamwaga tenga la samadi. Namwambia aache, shingo itamuuma.

“Kuja kwako ni mteremko tu, Mae,” hunijibu, na kurudi kuchukua lingine.