Kitabu Alichokiona Bi Mwanamkasi

Kila Jumamosi baada ya swala ya alasiri, Bi Mwanamkasi alikuwa akiweka chini ukili wa mkeka aliokuwa akiusuka, anajitupia baibui, anatoka Makorora kwa miguu mpaka Usagara kwenye duka la Nasra. Duka lenyewe lilikuwa la kutoa kopi na kuuza madaftari, ila pembeni kulikuwa na rafu moja ya vitabu vya katuni, ambavyo Nasra aliwaazima watu aliowaamini. Wanne walikuwa wameshafanya mazoea ya kukutana hapo. Huvuta viti vya plastiki mpaka kibarazani, Nasra huleta chai ya tangawizi na bajia, na kila mmoja hueleza alichokipenda na kilichomuudhi katika kitabu alichokimaliza wiki hiyo.

Nasra mwenyewe alipenda visa vya mapenzi, wala hakuona haya kusema. Rahimu, dereva wa bodaboda, alitaka ngumi. Kwake yeye kitabu kisichokuwa na mtu wa kurushwa dirishani kilikuwa kupoteza muda. Wa tatu alikuwa Mwalimu Eliudi, mzee wa Kishambaa aliyeteremka kutoka upande wa Amani baada ya kustaafu. Alikuwa amefundisha Kiswahili miaka thelathini na sita, na alikuwa na tabia ya kusahihisha tahajia kwa penseli ndani ya vitabu vya kuazima, mpaka siku Nasra alipomnyang'anya ile penseli.

Bi Mwanamkasi ndiye aliyeingia mwisho. Alikuwa na umri wa miaka sitini na miwili, fundi wa mikeka, na siku ya kwanza alikwenda dukani kuchapisha picha ya mkeka aliotaka kumwonyesha mteja wa Pangani. Alipokuwa akisubiri akachukua kitabu kimoja rafuni. Baada ya muda Nasra akamsikia anacheka peke yake, akamuuliza kuna nini. Bi Mwanamkasi akaanza kueleza, na alieleza akiwa amesimama vile vile, nusu saa nzima, mpaka wateja wengine wakasahau kopi zao.

Tangu hapo wenzake walimngoja kwa hamu. Alikuwa akiona mambo yaliyowapita.

"Mlimwangalia yule mpishi?" huuliza. "Kila tajiri akiingia, yeye anageuza uso ukutani. Huyo anajua jambo."

Rahimu hufunua kurasa haraka haraka, na kweli, mpishi yumo, kageuza uso.

"Lo! Bibi, una macho wewe," husema.

Jambo wasilolijua ni kwamba Bi Mwanamkasi hakuwa akisoma hata neno moja. Utotoni, huko kwao Moa, aliingizwa darasa la kwanza, lakini kabla mwaka wa pili haujaisha mama yake akapatwa na ugonjwa mrefu, na binti akatolewa shule amuuguze. Chuoni, kwenye madrasa, hakuacha. Msahafu aliuhitimu, na herufi za Kiarabu alizijua kama anavyovijua vidole vyake. Lakini zile herufi chache za shule zilimtoka kichwani, na miaka ilivyokwenda aliona haya kuzitafuta tena.

Hata hivyo hakuwahi kuwaambia kuwa amesoma. Akiulizwa, husema, "Kitabu chenu nimekiona," nao wakadhani ndivyo wanavyosema watu wa Moa. Na akiombwa asome kipande kwa sauti, miwani ilikuwa daima imebaki nyumbani. Kwa miezi mitano mambo yakaenda hivyo, na Bi Mwanamkasi hakumbuki kipindi kingine maishani mwake ambacho Jumamosi ilimchelewea namna ile.

Basi wiki moja Nasra akaleta nakala nne za kitabu kimoja ili wote wakisome. Kiliitwa Mlango wa Kaka, na kilichorwa na kijana wa Muheza. Kilikuwa kisa cha ndugu wawili walioachiwa nyumba na baba yao, na msimuliaji alikuwa yule kaka.

Jumamosi ilipofika Nasra hakungoja hata chai imiminwe.

"Mimi nimelia," alisema. "Kaka kamtunza dada yake miaka yote, halafu yule mwanamke anafunga mizigo usiku anaondoka bila kuaga. Hana shukrani hata chembe."

"Hakuna hata ngumi moja," alisema Rahimu, "lakini nimekimaliza. Nilikuwa nawaambia abiria wasubiri."

Mwalimu Eliudi alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati. "Mimi nasema hivi. Katika maisha yangu ya kufundisha sijakutana na msimuliaji mwenye moyo mweupe kama huyu kaka. Kila sentensi yake ina huruma."

Bi Mwanamkasi alikuwa akiwatazama kwa zamu, bajia mkononi.

"Hivi tumeona kitabu kimoja kweli?" aliuliza. "Mbona huyo kaka ndiye aliyemfukuza dada yake?"

Wote wakaanza kusema kwa pamoja. Bi Mwanamkasi akaweka bajia chini na kukifungua kitabu magotini.

"Tazameni. Huu mkono unaofunga begi una pete ya jiwe. Dada hana pete, tangu mwanzo hana. Mwenye pete ni kaka. Na hii cherehani, kitambaa chake cha kufunikia kina maua matano, mwanzo iko dirishani kwa dada. Njooni huku mwisho. Iko wapi? Iko kwa mke wa kaka, na kitambaa ni kile kile. Sasa mtu aondoke kwa hiari yake aache cherehani inayomlisha?"

Rahimu akapiga mluzi. Nasra akainama juu ya kitabu chake akiitafuta ile pete. Lakini Mwalimu Eliudi alikuwa ametoka tu kumsifu yule kaka mbele za watu, na jambo lile lilimchoma.

"Picha ni picha," alisema. "Mchoraji anaweza kukosea pete. Maneno ndiyo yanayobeba kisa, na maneno yako wazi kabisa. Ukurasa huo huo wa kumi na tisa, hebu tusomee yaliyoandikwa juu ya mkono, Bi Mwanamkasi, halafu utuambie umeyaelewaje."

"Miwani yangu nimeisahau nyumbani, Mwalimu."

"Chukua yangu."

Akamnyooshea. Hakuwa na ubaya wowote, alitaka tu kushinda hoja. Bi Mwanamkasi aliipokea kwa sababu hakujua namna ya kuikataa, akaivaa. Herufi zikawa kubwa na nyeusi, zimejipanga mstari kwa mstari, na hakuna hata moja iliyomwambia kitu. Akahisi jasho linamtoka chini ya mtandio. Alidhani labda wangechoka kungoja, lakini hawakuchoka. Pikipiki mbili zikapita barabarani.

"Sijui kusoma," alisema mwishowe.

Rahimu akacheka, akidhani ni mzaha. Alipomwona usoni akakatiza kicheko na kutazama viatu vyake.

"Miezi mitano?" Mwalimu Eliudi alisema. "Miezi mitano unakaa nasi hapa, unatoa hukumu juu ya vitabu ambavyo hujavisoma?"

"Sikuwahi kusema nimesoma, Mwalimu. Nilisema nimeviona."

Akavua miwani, akaikunja vizuri, akairudisha. Nasra alimfuata mpaka barabarani akimshika mkono, "Bi Mwanamkasi, usiende hivi, mama yangu, rudi unywe chai," lakini yeye alijibu kwa upole kwamba jua linazama na ana kazi nyumbani, akaenda zake.

Siku tatu zilizofuata alisuka ukili na kufumua, akasuka na kufumua. Hakumkasirikia Rahimu, kijana hakukusudia. Hata Mwalimu hakumkasirikia sana. Kilichomuuma ni Jumamosi. Aliwaza kwamba sasa alasiri ya siku hiyo itakuwa kama alasiri nyingine yoyote, na hapo mikono ikawa mizito.

Jumatano asubuhi akasikia mtu anapiga hodi nje. Akachungulia akamwona Mwalimu Eliudi anaegemeza baiskeli ukutani.

"Karibu, Mwalimu."

"Starehe, Bi Mwanamkasi. Habari za tangu juzi?"

"Salama tu. Keti hapo kwenye mkeka, au nikuletee kigoda?"

"Mkeka unatosha." Akaketi kwa shida kidogo, kwa ajili ya magoti, akatoa Mlango wa Kaka kwenye mfuko. "Nimekuja kuomba radhi. Nilikuvunjia heshima mbele ya watoto wale, na mimi ndiye mtu mzima pale. Nilikwenda nyumbani na hasira, nikasema nitakuonyesha. Nikakata vipande vya karatasi nikayafunika maneno yote, ukurasa kwa ukurasa, ili nikione kitabu kama ulivyokiona wewe."

"Ikawaje?"

"Pete nimeiona. Cherehani nimeiona. Na ufunguo je, uliuona ule ufunguo wa chumba cha dada?"

"Shingoni mwa mke wa kaka," alisema Bi Mwanamkasi, na kabla hajajizuia akatabasamu. "Umefichwa kwenye mkufu."

"Umefichwa kwenye mkufu! Yule kijana hakukosea hata kidogo. Kaka anatudanganya kwa maneno mazuri kuanzia ukurasa wa kwanza, nami nikamwamini kwa sababu sarufi yake ni safi."

Wakacheka wote wawili. Bi Mwanamkasi akaingia ndani kuleta maji, na aliporudi akamkuta Mwalimu ameshika daftari lililokuwa kando ya chane zake za kusukia, analigeuza geuza.

"Samahani, nilidhani ni la hesabu za mikeka. Mbona halina kitu?"

"Umelifungua kwa nyuma."

Akalichukua, akalifungua kutoka kulia, akamwonyesha. Kurasa kumi na kitu zilikuwa zimejaa mistari ya herufi za Kiarabu, zilizonyooka kama ukili.

"Hii ni dua?"

"Ni vitabu vyetu. Kila nikiona kitabu naandika nilichokiona, nisije nikasahau mpaka Jumamosi. Hiki hapa ni cha kaka."

Akamsomea, kwa Kiswahili, bila kusita. Ilikuwa mistari tisa: begi, pete, cherehani, ufunguo, na mwisho aliandika kwamba dada anapotembea kwenda zake hageuki nyuma, kwa hiyo haendi kwa hasira, anakwenda kwa kuwa amechoka. Mwalimu Eliudi alisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe unasoma na kuandika," alisema.

"Cha chuoni nasoma, Mwalimu. Cha shule ndicho kilichonipita."

"Basi nami hapa kwako sijui kusoma. Njoo Jumamosi, Bi Mwanamkasi. Wale watoto wamenuna tangu ulipoondoka. Rahimu hata bajia hakula."

Bi Mwanamkasi akalifunga daftari. Alikuwa na jambo ambalo hakupata kumwambia mtu.

"Nitakuja," alisema, "lakini kwa sharti moja. Mnisomee na maneno. Miezi yote hii nawaona watu wanafumbua midomo vitabuni, nami sijui wanaambiana nini. Nataka kuwasikia."

Jumamosi Bi Mwanamkasi alipofika Usagara, Rahimu alikuwa amekwisha kupanga viti, na kile cha bibi kakifuta vumbi. "Shikamoo, Bibi. Unisamehe kwa kile kicheko," alisema huku anajikuna kisogo. Akamjibu marahaba, akamwambia asome yeye, kwa kuwa ana sauti.

Rahimu akasoma Mlango wa Kaka mwanzo hadi mwisho, na Bi Mwanamkasi akafuata picha kwa kidole. Ilikuwa kama kukutana na watu aliowajua kwa sura tu barabarani, leo wamesimama wanaongea. Kaka yule alikuwa na maneno matamu ajabu. Akielewa sasa namna wenzake walivyonaswa, akatikisa kichwa.

"Muongo mzuri," alisema. "Laiti ningemsikia kabla sijamwona, hata mimi ningemlilia."

Kisha akataka wamsomee na kile kitabu cha kwanza kabisa, kile kilichomchekesha siku ya kopi. Nasra akakitoa rafuni. Hawakufika ukurasa wa nne Bi Mwanamkasi akamsimamisha Rahimu.

"Ngoja. Umesema nani anamfukuza kuku?"

"Mama mkwe."

"Yule mwenye kanga nyekundu? Siyo mke wake?"

"Mama mkwe, Bibi. Ndivyo wanavyosema."

"Yarabi! Nami nikasimama hapa nikawaelezea nusu saa namna bwana yule anavyompenda mkewe!"

Nasra alicheka mpaka machozi, Mwalimu Eliudi akamwaga chai, na Bi Mwanamkasi mwenyewe ilibidi ashike ukuta. Ndipo Nasra akakumbuka kwamba siku ile yeye alishangaa kidogo, lakini akadhani Bi Mwanamkasi ana maana yake ya ndani.

Tangu siku hiyo wakawa na utaratibu mpya. Kitabu kikija wanakipitia kwanza kimya, maneno yamefunikwa kwa vipande vya karatasi vya Mwalimu, kila mtu aseme alichokiona. Halafu Rahimu anasoma, na hapo ugomvi unaanza. Mara nyingi Bi Mwanamkasi ndiye anayekuwa sahihi, lakini si kila mara, na akikosea hasiti kusema.

Mwalimu Eliudi alijitolea kumfundisha herufi za shule. Alikwenda na kitabu cha darasa la kwanza chenye a, e, i, o, u, na Bi Mwanamkasi akakifumba baada ya dakika kumi, akasema hakina kisa. Akataka afundishwe kwenye katuni za Rahimu, zile za ngumi, kwa kuwa humo maneno ni mafupi na yameandikwa makubwa. Mwalimu akanung'unika, kisha akakubali.

Kwa hiyo neno la kwanza ambalo Bi Mwanamkasi alilisoma mwenyewe, wiki mbili kabla ya Ramadhani, kibarazani kwa Nasra na watu wote wakimtazama, halikuwa baba wala mama. Jambazi alikuwa ametupwa majini kutoka darajani. Bi Mwanamkasi akaweka kidole chini ya herufi, akazipitia moja moja akisogeza midomo, akarudi mwanzo, kisha akainua kichwa na kusema kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya barabara:

"Chubwi!"