Jibu la Damu ya Chiriku

Mtoto walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Mama yake, mshonaji wa sare za shule, aliogopa sindano kuliko mwanawe. Aliyemshawishi mama huyo ni kaka yake, fundi wa maabara katika hospitali ya watoto, iliyokuwa ikifanya utafiti wa chanjo.

"Sindano moja, magonjwa matatu," alimwambia. "Surua, matumbwitumbwi na rubela. Baadaye tunampima damu tuone kama mwili umejenga kinga. Nitaipima mwenyewe. Unaogopa nini na mimi nipo?"

Chiriku akachanjwa pamoja na watoto wengine wa utafiti ule. Aliporudi kutolewa damu alilia kidogo, kisha akamuuliza mjomba wake kama damu huwa inaota tena.

Majibu yalipotoka, kinga ya matumbwitumbwi na rubela ilikuwa nzuri. Ya surua haikuwapo. Fundi hakushangaa: wapo watoto wachache ambao dozi ya kwanza haiwashiki, ndiyo maana hupewa ya pili. Alitakiwa kumpelekea daktari wa utafiti jibu siku ileile, ili mama aitwe mtoto arudie chanjo. Ya watoto wengine aliyapeleka. La mpwa wake akaliweka kando. Nitarudia kipimo, alijiambia, huenda mashine imekosea. Ukweli ni kwamba alikuwa amejigamba mno kwa dada yake, na sasa aliona aibu.

Hakurudia. Mwenye kisingizio hakosi kazi nyingine ya kufanya. Kisha dada yake akapiga simu.

"Kaka, chekechea kuna mtoto ana surua. Nimzuie Chiriku nyumbani?"

Wenzake walikuwa wamesimama karibu. Ulimi ukatangulia akili. "Mpeleke tu. Si amechanjwa?"

Angeweza kumpigia tena. Aliishika simu, akaiweka, akaenda kuosha mirija iliyokuwa safi tayari.

Chiriku akaugua. Ilianza homa na macho mekundu, vikafuata vipele nyuma ya masikio, vikashuka mwili mzima. Mapafu yaliposhikwa, akalazwa. Kilichomtafuna fundi ni ukimya wa kitanda kile. Mtoto aliyeuliza mpaka nzi wanalala wapi, sasa alitazama dari tu.

Homa iliposhuka na daktari wa wodi kusema atapona, fundi alimwita dada yake kwenye korido akamweleza yote. Dada hakupiga kelele.

"Chanjo kutoshika si kosa lako," alisema. "Hata kuchelewesha jibu, binadamu tunachelewa. Lakini nilikupigia, kaka. Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Na ulijua."

"Nilijua."

Akarudi kwa mwanawe, akavuta pazia.

Fundi alikwenda moja kwa moja kwa daktari wa utafiti. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho. "Angekuwa mtoto wa jirani, ungeniletea jibu?"

"Ningeleta."

Akaondolewa kwenye utafiti, akapewa kazi ya kupokea sampuli dirishani. Hakulalamika.

Chiriku alirudi nyumbani amekonda, kikohozi kikimfuata kwa muda mrefu. Mjomba alikuja kumwona kila alipotoka kazini. Dada alimfungulia mlango, akamkaribisha vizuri, akarudi kwenye cherehani. Jioni moja kikohozi kilizidi. Fundi alikuwa hapohapo kwenye kiti, amempakata mtoto. Dada yake alichukua simu, akampigia muuguzi wa kliniki, akaanza kumuuliza: ampe dawa gani, amlaze vipi, asubiri au amlete. Kaka mtu akainamisha kichwa, akampigapiga Chiriku mgongoni taratibu.