Dakika Nne za Halldora

…kwa sababu wa kwanza kulisimulia jambo la asubuhi ile alikuwa Rósa, mjane wa kaka yangu Ketill, Jumamosi ya tarehe kumi na tano Februari mwaka jana, katika ukumbi ulio chini ya kanisa, ibada ya mazishi imekwisha na vikombe vimeanza kugongana, alisema nilipiga simu ya dharura akapokea Halldora, nikamwambia Ketill ameanguka zizini katikati ya kukamua, akaniambia subiri, nikasikia kiti kikisukumwa, halafu kimya, Ingunn, kimya kabisa, alisimama akaenda zake, hayo ndiyo maneno yake na nimeyaandika yalivyo katika kitabu cha ukoo, ukurasa wa mia mbili na kumi na nne, na sijui kwa nini yananijia sasa, Jumanne ya mwezi wa tano, saa nne asubuhi, nimesimama katika chumba cha seva nikiwa na kebo ya umeme ya mashine ya kwanza mkononi, nimeichomoa mwenyewe kwa makusudi, hili ni jaribio tu, simu zote za wilaya zimehamishiwa kituo jirani tangu saa tatu na nusu, hakuna mtu atakayeumia… "Kumi," anasema Halldora kwenye kipaza sauti, anahesabu sekunde tangu taa ya mashine ya pili, ile ya akiba, ilipowaka, yuko upande wa pili wa kioo, kwenye kiti chake cha kupokelea simu, ndiye atakayetwambia ramani ya magari ya wagonjwa ikirudi kwenye skrini yake, "bado," na sauti yake haina joto wala baridi, zamani alikuwa akiniita mdogo wangu, ni binti wa shangazi Lauga, amenizidi miaka minne, alinifundisha kuteleza kwenye barafu, tangu mazishi ananiita fundi. Itarudi sasa hivi, ya pili inachukua nafasi kwa sekunde tatu, nimeipima mara sita kwa miaka mitatu na mara zote ni sekunde tatu, taa ya kijani kwenye mashine ya pili imeshawaka, naiona, na kwenye kompyuta yangu ndogo hapa juu ya kabati rekodi zake zinasema nimeshika usukani, saa nne na dakika mbili na sekunde kumi na tatu, mimi niliichomoa ya kwanza sekunde ya kumi, tatu, kama kawaida, "Ishirini. Bado." Haiwezekani. "Dada," anasema Rodel, ameinama nyuma ya kabati anaangalia nyaya, anatoka mjini Winnipeg kila Jumanne kutusaidia, kwao ni Iloilo, ng'ambo ya bahari, na ana maneno mengi kuliko ukoo wetu mzima, "una hakika umechomoa seva? Isiwe friji ya jikoni, chakula changu kimo mle." Ni seva, namwambia. "Basi mbona bibi yule hapati kitu?" Sijui, nasema, na ni kweli sijui, na sipendi kutojua, wazo la kupimia kwenye kiti cha Halldora lilikuwa la Rodel, mimi siku zote nimepimia humu humu, kwenye kompyuta hii iliyochomekwa kwenye swichi moja ya mtandao na seva zote mbili, kwa nini nitembee hadi chumba kingine wakati jibu nalipata hapa, sekunde tatu, niliandika sekunde tatu kwenye fomu, na siku ile ukumbini Rósa alipomaliza kusema Halldora alikuja kutoka upande wa majiko bado amevaa aproni, hakuna aliyemuuliza kitu, akasema mashine ilikwama, Rósa, ramani iliganda, sikuwa na la kukupa, na watu wote wakanigeukia mimi, mimi ndiye ninayetunza zile mashine, na mimi ndiye ninayetunza kitabu, mtu akibishana kuhusu mwaka wa harusi ya babu wanakuja kwangu, sijawahi kukosea tarehe, nikasema… "Arobaini. Bado"… nikasema rekodi zinaonyesha mashine ya pili ilishika nafasi kwa sekunde tatu. Sikuongeza neno. Sikupandisha sauti. Halldora aliniangalia kama mtu aliyesikia mlango ukifungwa kwa funguo, akavua aproni, akaikunja mara mbili, akaiweka kwenye kona ya meza. Hamsini, bado, anasema, na Rodel anasema hapa taa zote ziko sawa, dada, ya pili imesimama imara, ina anwani, inajibu, mimi naipata kutoka hapa bila shida, jaribu na wewe, najaribu, inajibu, inajibu upesi kama mtoto aliyeitwa kula, sasa kama inajibu hapa na Halldora haipati kule, kati ya hapa na kule kuna nini, kuna kitu kimoja tu, ruta, kile kisanduku cheusi kwenye rafu ya tatu, kila kinachotoka chumba cha simu kuja kwenye seva lazima kipite pale, na ruta ina orodha yake, anwani fulani iko kwa mashine fulani, haiulizi kila mara, inakumbuka, basi bado inakumbuka ya kwanza, inachukua kila ombi la Halldora na kulipeleka kwa ile iliyokufa, ambayo kebo yake ninayo mkononi… lakini ya pili ikishika nafasi hupiga kelele mtandao mzima, jamani anwani ile sasa ni yangu, hutangaza bila kuulizwa, ndivyo zilivyotengenezwa, na ruta hiyo husikia na kufuta jina la zamani na kuandika jipya, papo hapo, labda kama… "Sabini." Labda kama imeambiwa isisikilize. Rodel anapiga mluzi. "Dada, njoo uone, kuna mstari humu, nani kaandika hivi, inakataa tangazo lolote ambalo haikuliomba." Naona mstari kabla sijafika, nauona kwa macho ya ndani, kwa mwandiko wangu kama ungekuwa na mwandiko, Oktoba ya mwaka juzi, mkaguzi alikuja kutoka mjini na karatasi yenye mambo sitini na mawili, jambo la arobaini na saba, mwizi anaweza kuingia kwenye mtandao akatangaza kwamba yeye ndiye seva, zuieni matangazo yasiyoombwa, wenzangu wa vituo vingine waliruka vipengele kumi, ishirini, mimi nilifanya vyote sitini na viwili, niliweka alama kwa kalamu ya wino, mkaguzi alisema hajaona kituo nadhifu kama hiki, na usiku… hapana, sio usiku, mchana ule ule, nilipima tena, humu humu, kwenye swichi hii hii, sekunde tatu. "Ni mimi," nasema. "Nini?" "Niliyeandika ni mimi." Rodel anasema, "Basi, ni mstari mmoja, tunaufuta tunakunywa chai," na anapeleka mkono kwenye vibonye na mimi nasema usiguse. Kwa sauti ambayo siijui. "Usiguse kitu. Acha ifike mwisho." "Mwisho wa nini?" "Wa kumbukumbu yake. Kuna muda imewekewa, ikifika inasahau, inauliza upya." "Ni muda gani?" Na hilo nalijua, nalijua kama ninavyojua siku ya kuzaliwa ya kila mtu wa ukoo, dakika nne, sekunde mia mbili na arobaini, namwambia. Mia moja na kumi, bado, fundi. Tarehe kumi Februari. Mashine ya kwanza ilizimika saa moja na dakika kumi na tatu asubuhi na sekunde hamsini, kifaa chake cha umeme kiliungua, hilo nililiandika mwenyewe, ya pili ikashika saa moja na dakika kumi na tatu na sekunde hamsini na tatu, hilo nalo nililiandika, ndizo sekunde tatu nilizowapelekea ukumbini, Rósa alipiga saa moja na dakika kumi na nne, kiti kilisukumwa yapata saa moja na robo, na gari la wagonjwa liliagizwa saa moja na dakika kumi na nane na sekunde tano, nimezijua saa hizi mwaka na miezi mitatu, nimezipanga safu moja kwenye ukurasa wa mia mbili na kumi na nne, na sikuwahi kujumlisha, hamsini na tatu ongeza dakika nne, saa moja na dakika kumi na saba na sekunde hamsini na tatu, ramani ikarudi, sekunde kumi na mbili baadaye gari likaagizwa, sekunde kumi na mbili, hakuna mpokea simu katika mkoa huu wa Manitoba anayeagiza gari kwa sekunde kumi na mbili, ila yule aliyekuwa ameikodolea macho skrini akiisubiri. "Mia na thelathini." Na alikwenda wapi aliposimama, Mungu wangu, kuna kabati la chuma kwenye ujia, ndani yake kuna ramani za karatasi, kanuni inasema skrini ikiganda mpokea simu ainuke akachukue ramani, nimeifundisha mwenyewe kanuni hiyo, alifanya nilichomfundisha, na zizi la Ketill halikuwemo kwenye ramani zile, barabara yao ilichongwa baada ya ramani kuchapwa, akarudi mikono mitupu, akakaa, na wala Rósa hakusikia akirudi kwa sababu alikuwa ameweka simu kwenye majani makavu anamsukuma Ketill kifua kwa mikono miwili. Daktari alisema dakika nne zingeweza kuleta tofauti, alisema zingeweza, hakusema zingeleta, niliandika neno lake lilivyo. Lakini kahawa, je, kwenye kitabu kuna kahawa, Halldora alikuwa amekwenda kuchukua kahawa, sentensi hiyo imo, kila Januari katika karamu ya katikati ya baridi kitabu husomwa kwa sauti, walioingia na waliotoka mwaka ule, na Januari hii nilisimama nikaisoma, meza sita, nyama ya kondoo ya moshi, Halldora ameketi mwishoni karibu na mlango, akaendelea kukata mkate wake vipande vidogo vidogo bila kula hata kimoja, na shangazi Lauga, mama yake, mwenye miaka themanini na minane, akainuka bila fimbo akaenda kuchukua koti, akasema mbele ya wote, "Ingunn, umeandika vizuri, mwandiko mzuri sana," basi, akatoka, sasa ile kahawa aliisema nani, Rósa hakusema kahawa, Rósa alisema alisimama akaenda zake, labda binamu fulani, labda wale wa ng'ambo ya ziwa ambao huongeza chumvi… "Mia na sabini. Bado. Niendelee?" Endelea, nasema, nikibonya kitufe… labda mtu alisema katika kuosha vyombo, natafuta uso wa aliyesema, huwa sikosi uso, na hakuna uso, kuna meza yangu tu, taa yangu, wino, na mimi nikitazama sentensi ya Rósa na kuiona haikukaa sawa, mtu hasimami akaenda zake hivi hivi, lazima awe na sababu, msomaji wa miaka mia moja ijayo atataka kujua sababu, nikaitafuta sababu inayofanana na asubuhi ya saa moja, nikaiandika. Mimi. Katika kitabu ambacho babu wa babu yangu alikianza katika kibanda cha magogo huku watoto wawili wakifa kwa ndui, na hata hapo hakuandika ila alichokiona, katika kitabu ambacho bibi aliniachia mimi badala ya kaka zangu kwa sababu, alisema, huyu haongezi. "Dada, kaa chini," anasema Rodel. "Rangi yako imekuwa kama maziwa ya unga." Sikai. "Tatizo ni dogo, dada, kweli, nimeliona mara tatu Winnipeg, mtu anafunga mlango ili mwizi asiingie na anamfungia mkewe nje, tunafuta mstari, au tunaziacha zote mbili zitumie namba moja ya kadi ya mtandao, ruta haijui hata kama kuna aliyekufa, ndani ya saa moja tumemaliza." Rodel, namwambia, kaka yangu. Anajua habari ya kaka yangu, kila mtu huku anaijua, ninaona anavyoanza kuhesabu naye, macho yake yanakwenda kwenye ruta, yanakwenda kwenye kioo, yanarudi kwangu, na anavua kofia yake. "Anajua?" ananiuliza polepole, akimwonyesha Halldora kwa kidevu. Alijua tangu siku ile, nasema. Alituambia. "Mia mbili," anasema Halldora, na sasa kuna kitu kingine ndani ya sauti yake, ameacha kuangalia skrini, ananiangalia mimi kupitia kioo, mikono yake miwili iko juu ya meza, bapa, na naelewa kwamba ameshazikalia dakika hizi mara moja, anazijua urefu wake, anazijua kwa mwili, mimi ninazipima na yeye anazirudia, na mimi ndiye niliyemwomba akae pale, leo asubuhi, kwa barua pepe, mistari miwili, tafadhali hesabu kwa sauti. Mia mbili na kumi. Nachukua kalamu naandika kwenye kiganja mia mbili arobaini, ili nisiweze kusema baadaye kwamba nilikisia, na nataka nikosee, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nataka nikosee hesabu, rudi sasa, ramani, rudi kwenye mia mbili na kumi na tano, au usirudi kabisa, uwe umeharibika kwa jambo lingine, kebo, vumbi, chochote, mia mbili na ishirini, bado, mia mbili na thelathini, na Rodel ameshika ukingo wa kabati, thelathini na tano, sita, sasa anahesabu moja moja bila kuombwa, saba, nane, tisa.

"Imerudi," anasema Halldora. "Mia mbili arobaini. Ramani imerudi, fundi."

Kebo bado iko mkononi mwangu na mashine ya pili inavuma kama ilivyokuwa ikivuma, sentensi ile ya kahawa nitaipiga mstari mmoja tu, isifutike, isomeke chini ya mstari, ijulikane iliandikwa na nani, na pembeni nitaandika saa zote na jumla yake na jina langu na tarehe ya leo, lakini hilo ni la kitabu, na kitabu kinaweza kusubiri hadi jioni, Ketill hayuko tena, amelala makaburini upande wa kaskazini tangu barafu ya udongo ilipoyeyuka na kaburi likachimbika, hana la kuuliza, wanaoweza kuuliza wako hai, Rósa yu hai na saa hizi anamalizia kusafisha zizi, shangazi Lauga yu hai na masikio yake ni mazima, mimi ni mzima, na Halldora yu hai, ana miaka hamsini na sita, yuko hatua tisa kutoka hapa nyuma ya kioo, ameondoa kipaza sauti mdomoni na anasubiri fundi amwambie anachokijua.